Walinishona vizuri, wakaniandika vibaya

Desemba iliyopita nilikuwa natoka Mikindani kurudi Mtwara mjini kwa pikipiki, jua linazama, mbuzi akakatiza barabara. Breki zilishika, mwili ukaenda mbele, nikajigonga sehemu za siri kwenye tangi. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika siku nyingi sijakibadilisha. Ncha ya chuma ikanichana mfuko wa korodani. Nasema waziwazi kwa sababu wanaume tunayaficha haya mpaka yanaoza.

Hospitali siitaji. Upande wa dharura walinipokea vizuri sana. Nesi, binti wa umri wa mdogo wangu, alivuta pazia kwanza, ndipo akasema, "Kaka, nitakuangalia. Ukiona aibu fumba macho, ila unijibu." Swali lake la kwanza: umekojoa? Mkojo una damu? Baadaye daktari alinieleza kuwa damu ikionekana kwenye tundu la uume hawaingizi mpira wa mkojo hivihivi, maana njia yenyewe inaweza kuwa imechanika. Yangu ilikuwa salama. Nikachomwa sindano ya pepopunda, nikapelekwa altrasaundi: gamba la nje la korodani ya kushoto limepasuka. Usiku uleule nikaingia thieta. Walisafisha, wakakata nyama iliyokufa, wakashona gamba, wakaacha kampira kembamba ka kutolea damu. Daktari alisema ningejikaza nyumbani siku tatu nne, huenda wangeitoa korodani yenyewe. Ninayo mpaka leo.

Tatizo lilikuwa karatasi. Siku ya kuruhusiwa niliandikiwa msimbo S30.2, yaani alama ya kutambulisha aina ya jeraha, nami sikujua maana yake. Zahanati nilikoenda kusafishwa kidonda, mganga akausoma, akashangaa: "Huu ni mchubuko. Nyuzi za nini?" Kazini kwetu, ghala la korosho, msimu umepamba moto, msimamizi akaona mchubuko haustahili wiki tatu za mapumziko. Watu wa bima nao wakauliza, mchubuko gani unaopelekwa thieta?

Nikarudi. Mhudumu wa dirishani akaita kwa sauti, "Yule wa korodani yuko wapi?" Benchi zima likageuka, na mama mkwe wa jirani yangu alikuwepo. Mikono ilinitetemeka. Hilo sijawasamehe, na niliwaambia palepale.

Aliyeniokoa ni kijana wa takwimu. Alinikaribisha ndani, akafunga mlango, akafungua kitabu cha misimbo akanionyesha kwa kidole: S30.2 ni mchubuko wa viungo vya uzazi vya nje, S31.3 ni jeraha la wazi la mfuko wa korodani na korodani, S38.0 ni kusagwa. Daktari aliandika "ameumia korodani" bila kusema kama ni jeraha la wazi, na mwandika misimbo akachagua wa juujuu. Kijana akampigia daktari, akarekebisha, akaongeza na V28, wa mwendesha pikipiki aliyeumia kwenye ajali bila kugongana na kitu. Dakika ishirini. Bima hawakuuliza tena, na mapumziko nikapewa.

Thieta na wodi nawapa nyota tano. Dirisha, moja. Ukitibiwa pale, kabla hujatoka wodini mwombe daktari akusomee alichoandika kwenye karatasi ya ruhusa, na kama kuna kosa usilizungumzie dirishani: nenda chumba cha takwimu, pita famasi, mlango wa pili kulia, bisha hodi.