Geji ya mafuta ya Land Rover ya zamani: anza kununua nini?

Tangi limejaa, mshale umelala kwenye E, na mwenye gari tayari anaulizia bei ya geji. Nami nilianza hivyo. Series III yangu (zilitengenezwa 1971 hadi 1985) ilinilia geji mbili kabla sijainua kiti cha kulia na kukuta waya wa kijani wenye mstari mweusi umechomoka juu ya tangi.

Basi pima kwanza, ni bure. Washa swichi, chomoa waya huo, uguse kwenye chuma safi cha bodi. Tangi liwe limefungwa kabisa, maana cheche na mvuke wa petroli ni msiba. Mshale ukipanda taratibu hadi F, geji na waya ni vizima, ugonjwa uko tangini. Ondoa waya hapohapo usije ukaiunguza geji.

Kati ya vitu vya kununua, nafasi ya kwanza naipa stebilaiza. Ni kidude kidogo nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 10 kwa geji ya mafuta na ya joto. Zote mbili zikidanganya kwa pamoja, usitafute mchawi mwingine. Nunua ya kielektroniki. Ila kwangua kutu pale inapofungwa kwanza: ile ya zamani ikikosa athi, yaani mgusano na chuma cha bodi, hupitisha umeme wote wa betri, na pengine hiyo ndiyo shida yako yote.

Ya pili ni floti mpya, kile kifaa cha juu ya tangi chenye mkono na boya. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Floti inayoelewana na geji ya Smiths, ile iliyokuja na gari, husoma karibu omu 240 (kipimo cha ukinzani wa umeme) tangi likiwa tupu na karibu 30 likijaa. Za VDO, kampuni nyingine ya geji, huenda kinyume: 10 tupu, 180 limejaa. Ukiifunga hiyo, kadiri unavyojaza ndivyo mshale unavyoshuka! Mimi huenda dukani na mita ya kupimia omu. Safari moja boksi liliandikwa Land Rover, muuzaji akaniapia, “Kaka, zote ni zilezile.” Nikashusha boya palepale kaunta, mita ikasoma 10. Nikamwachia floti yake.

Kuitengeneza floti ya zamani kunashika nafasi ya tatu, na kwa boya la shaba nakupandisha hata juu ya mpya ya bei chee. Litikise sikioni, ukisikia kimiminika, limetoboka. Mwaga petroli yote, likauke kabisa, kisha lizamishe kwenye maji ya moto: mapovu yatakuonyesha tundu. Lehemu tone dogo tu, uzito ukizidi litazama. Lakini mshale ukipotea kila mara mahali palepale, tuseme nusu tangi, waya mwembamba ulio ndani ya floti umelika. Hapo achana nayo.

Geji ya mtumba ni ya nne. Ichague ambayo mshale wake hupanda polepole. Inayoruka ghafla ni ya mfumo wa zamani usiotumia stebilaiza.

Mwisho kabisa, geji za kisasa za kufunga gari lolote. Zinafanya kazi, ila zinaharibu sura ya dashibodi. Ukibanwa, chukua iliyoandikwa 240-33, yaani omu 240 tupu na 33 limejaa.

Na ukifungua floti, nunua na gaskiti, ile ya kuziba kati yake na tangi. Niliwahi kurudisha ya zamani, nikaendesha wiki nzima nimekalia harufu ya petroli.