Choc au Mistral: ipi kwa bango?

Fonti hizi mbili alizichora Roger Excoffon kwa Fonderie Olive, kiwanda cha herufi za chapa cha Marseille, Ufaransa: Mistral ilitoka 1953, Choc 1955. Mistral ni mwandiko wake mwenyewe, na herufi zake zilishikana vizuri tangu zama za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, kazi ngumu kweli. Inapendeza kwenye kadi ya mwaliko.

Choc ni brashi nene iliyolowa wino. Kila herufi inasimama peke yake, na matundu ya "a" na "e" yamebanwa. Kwa bango la tamasha naichagua hii bila kusita: maneno mawili, makubwa, yanasomeka toka ng'ambo ya barabara. Ukiipunguza sana matundu huziba, kwa hiyo tarehe na kiingilio viandikie fonti nyingine iliyonyooka.