TAHADHARI: Eksteno za "tera mbili" Mwanjelwa na uongo wa sumaku

Wana Mbeya, hasa wenzangu wa studio na stesheneri, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna kijana anauza eksteno Mwanjelwa, yaani hadi diski za nje za kuchomeka kwenye kompyuta na kutunzia faili, ni tapeli wa kutupwa. Jana nimepita, bado anauza na anacheka na wateja.

Nilipofika alinisalimia "mugonile dada", akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Tukuyu. Akasema mama yake wa Kiwira. Akatoa boksi, nailoni haijachanwa, akachomeka kwenye laptopu mbele ya macho yangu, ikasoma nafasi ya tera mbili. Akakopi wimbo, ukapiga. Akaniandikia risiti ya mhuri na waranti ya mwaka mzima. Bei elfu themanini, eti mzigo umepitia Tunduma bila dalali. Sasa mtu ana fremu, anakuita dada, kitu umekiona kinasoma, ungemshuku kwa lipi?

Ile harusi ya Uyole mnaijua. Picha na video zake nilizihamishia humo zote, na za kipaimara pia, nikafuta kwenye laptopu ili nipate nafasi. Kuja kufungua, majina ya faili yapo, picha zinakuja nusu, nusu nyingine kijivu. Video hazifunguki kabisa. Bibi harusi ananipigia mpaka leo, simu yake naiangalia tu inaita.

Nikamrudia, na hapo ndipo aliponimaliza. Akaniuliza kwa upole kama daktari, "Dada, unapofanyia kazi kuna sabufa?" Nikasema ipo. Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaisogeza kwenye mkasi, mkasi ukarukia, ta! "Umeona nguvu hiyo? Ndiyo imekufutia data." Akataka elfu hamsini za kutuma kwa mtaalamu Dar, na elfu kumi ya kava la kuzuia sumaku. Nikalipa, kwa sababu maneno yake yalifanana na ukweli. Kaseti na flopi tuliambiwa tangu zamani tusiziweke karibu na spika, na hadi diski kweli inaandika data kwa sumaku. Huyu anajua anachokifanya, ndiyo maana nina hasira naye.

Fundi mmoja wa Soweto ndiye aliyeifungua. Ndani hakuna diski! Kuna memori kadi ya simu imegandishwa kwa gundi kwenye kisakiti, na nati mbili kubwa za kuongeza uzito. Memori kadi inatunza data kwa chaji za umeme, sumaku ya sabufa haiigusi. Kisakiti kimechezewa kiidanganye kompyuta kwamba ni tera mbili. Nafasi ya kweli ikijaa, faili mpya zinaandikwa juu ya za zamani, na majina yanabaki kukupa moyo.

Fundi akafungua na hadi diski halisi iliyokufa. Pembeni ya sahani zinazobeba data kuna sumaku za neodimiamu zinazoendesha mkono wa kusomea, zilishika bisibisi yake mpaka akaivuta kwa mikono miwili. Zinakaa humo humo na data, miaka yote. Kufuta hadi diski ya siku hizi kwa sumaku kunataka mashine maalumu yenye nguvu kubwa sana, na ikishapita humo hata alama za kuuongoza ule mkono zinafutika, haisomi tena kitu chochote. Yangu ilikuwa inasoma majina yote! Alinitazama usoni akanidanganya mara ya pili, akala hela ya pili.

Mtu wa namna hii afungiwe duka na awekwe ndani. Nimeshaandikisha polisi, ndiyo maana jina silitaji hapa, na nakwenda Tume ya Ushindani maana bidhaa bandia ni kazi yao. Arudishe hela za watu wote.

Mnaonunua: bei ikiwa chini mno, kimbia. Hadi diski yenye sahani ukiishika inatetemeka kidogo, yangu ilikuwa kimya kabisa. Kusoma tera mbili si ushahidi. Kuna programu ya bure, H2testw, inaijaza yote kisha inaisoma tena, ifanyeni kabla hamjaweka kazi za watu. Na akikutajia sumaku, usimpe hata mia. Kama una risiti yake, njoo nayo studio tuunganishe malalamiko.