AACompIdent na ute wa yai: uzoefu wangu

Muuza rolexi (chapati iliyoviringishwa na mayai) wa Wandegeya, Kampala, alicheka nilipomwomba mayai mawili mabichi, chapati abaki nayo. Nilitaka ute tu. Humo mna lisozaimu, protini ndogo ya asidi amino 129 (vijenzi vya protini), na nilitaka kuona kama AACompIdent, programu ya bure ya ExPASy, tovuti ya zana za protini kule Uswisi, itaitambua bila kutajiwa jina.

Unaipa asilimia ya kila asidi amino, nayo inazilinganisha na za protini zilizomo Swiss-Prot, hifadhidata ya protini. Kila tofauti inazidishwa kwa yenyewe, kisha zote zinajumlishwa. Alama ikikaribia sifuri, huenda umempata mwenyewe.

Mara ya kwanza lisozaimu yangu ilipotelea chini kabisa ya orodha. Nikailaumu mashine ya maabara, kumbe mkosaji ni mimi. Ili asidi amino zipimwe, protini huvunjwa kwanza kwa asidi hidrokloriki ya 6 M (moli 6 kwa lita), nyuzijoto 110, saa 24. Asidi amino mbili huumia: triptofani haitoki salama humo, sisteini nayo huharibika. Nafasi zao nikajaza sifuri! Lisozaimu ina triptofani 6 na sisteini 8, yaani niliiambia programu kwamba karibu asilimia 11 ya protini haipo. Kwa ajili hiyo kuna chaguo la makundi 16, linalowaacha hao wawili nje na kuhesabu asparajini pamoja na asidi aspatiki, glutamini pamoja na asidi glutamiki, maana asidi ya kuvunjia hugeuza asparajini kuwa asidi aspatiki, na glutamini kuwa asidi glutamiki. Nilipolichagua, nikaweka na uzito wa daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 13,000 hadi 16,000, lisozaimu ya kuku ikaja ya kwanza.

Lakini nyuma yake, kwa alama za kukaribiana, zilifuata za ndege wengine. Ya bata mzinga inatofautiana na ya kuku kwa asidi amino 7 tu, kwa hiyo ukitaka kujua yai ni la ndege gani, tafuta njia nyingine. Mimi siku hizi naangalia pengo kati ya wa kwanza na wa pili kabla ya kushangilia.

Kuna pia nafasi ya protini ya kusawazishia: unaivunja albumini ya damu ya ng'ombe siku hiyohiyo, programu inarekebisha makosa ya upimaji. Niliiruka kwa ubahili. Msiiruke.

Na safisheni sampuli. Ute mzima haufai, kwa sababu zaidi ya nusu ya protini zake ni ovalbumini, na asilimia za mchanganyiko hazina mwenyewe.