TAHADHARI: Fundi wa bustani anayeuza "mpingo" wa kupaka rangi, Mtwara mjini na Mikindani

Jamani wana Mtwara, hasa mnaojenga Shangani na Mikindani, kuna jamaa anapita mtaani anajitangaza fundi wa bustani, viti vya magogo na nguzo za mpingo. Ni tapeli, naandika hapa mikono inatetemeka kwa hasira.

Bustani ya mama mnaijua, pale chini ya mwembe. Tulitaka benchi na nguzo za kibanda, makuti tulishanunua. Akaja na kipande cha mti, akaomba ndoo ya maji, akakitumbukiza mbele ya macho yetu, kikazama moja kwa moja mpaka chini. "Dada, niambie mti gani mwingine unazama hivi?" Na ni kweli mpingo unazama. Akakikwangua kwa kisu, ndani cheusi tii. Anaongea Kimakonde na mama, anamwita bibi, anakuelezea mpaka mpingo wa Kilwa unavyovunwa kwenye misitu ya vijiji, sasa hapo nani asingeamini? Nikamtumia laki nne ya kianzio.

Mzigo ukaletwa usiku, unang'aa, unanuka rangi ya viatu, akasema ni dawa ya mchwa. Mvua ya kwanza tu weusi wote ukachuruzika sakafuni kama wino, mti wenyewe mweupe, mwepesi, na fukusi wameshaanza kumwaga unga. Simu haipatikani. Mama ndo kaumia zaidi, alishawaalika wenzake wa kikundi waje kuona.

Huyu akikamatwa asionewe huruma, afungwe kabisa! Anawachafulia jina wachongaji wetu wanaohangaika kihalali na mti unaochukua miaka 70 mpaka 100 kukomaa.

Mnaonunua, msipime kile kipande chake, kwangueni mlicholetewa, tena mchana. Gogo la mpingo lina tabaka la mti jeupe la njano karibu na gome, weusi ni wa kiini, likiwa jeusi mpaka nje shtuka. Nguzo ndefu zilizonyooka nazo ni za kutilia shaka, mpingo mwingi umejipinda. Kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) aliniambia kiko kwa bosi, na nilipotuma pesa likatokea jina la mwanamke. Afungwe tu.

Polisi nimesharipoti, kama na wewe kakuliza njoo inbox tuunganishe malalamiko, laki nne yangu atairudisha yote.