Flashi ya Dolly Parton toka Aggrey: mzigo mzuri ila kagua kwanza

Wale wenzangu wa muziki wa kantri, wale ambao Jumapili bila Jim Reeves na Kenny Rogers siku haijaenda, kuna jamaa Kariakoo pale Mtaa wa Aggrey anakuwekea nyimbo kwenye flashi, nimechukua ya Dolly Parton mtupu, yule mwanamama wa kantri wa Marekani, GB 16, elfu 15 na flashi yenyewe humo humo.

Kilichonikosha ni mpangilio aisee. Jamaa kapanga kwa miaka, sio kutupia tu kama wengine, kwahiyo mko zenu kwenye foleni ya Mbagala mnamsikia bibie anavyopanda. Maana huyu mama katoka mbali, kazaliwa 1946 milimani huko Tennessee, wa nne kati ya watoto 12, nyumba chumba kimoja, baba mkulima hajui kusoma wala kuandika, na daktari aliyemzalisha mama yake alilipwa gunia la unga wa mahindi! 1964 kamaliza sekondari, kesho yake tu huyoo kapanda basi la Nashville. Ukifika ule wa 1971, Coat of Many Colors, mama anamshonea koti la vitambaa vya kuungaunga halafu shuleni wanamcheka, nilimtafsiria mama mkwe mle mle kwenye gari akasema rudisha nyuma huo baba, tukausikiliza mpaka Rangi Tatu.

Sasa kasoro. Folda ya 1974 unabonyeza I Will Always Love You anaimba Whitney Houston, wakati ule wake ni wa 1992! Dolly mwenyewe ndo katunga, akimuaga Porter Wagoner aliyekuwa anaimba naye kwenye tivii tangu 1967, na kwake unaenda taratibu, hana zile kelele za juu, mi naona unauma zaidi. Meneja wa Elvis alitaka wapewe nusu ya haki za huo wimbo ndo Elvis auimbe, Dolly akamkatalia (hapo najua na sisi wa flashi tunamdhulumu, basi tu).

Nikarudi, jamaa akanibadilishia bure bila maneno. Sauti iko poa hata kwenye sabufa, ila chache za zamani ziko chini chini. Mwambie akusikilizishe kabla hujalipa, na nenda asubuhi, mchana wanajaa watu wa singeli hata kuuliza bei huwezi.