Hedifoni za kuzima kelele: uzoefu wangu nikiwa mtu mzima mwenye usonji

Sanduku lake limeandikwa kimya kamili. Kimya hicho sijakipata. Nilichopata ni kwamba nikibonyeza kitufe, mvumo wa kiyoyozi, feni ya kompyuta na injini ya basi vinatoweka papo hapo, na kwa hilo peke yake sizirudishi dukani.

Masikio yangu hayana kasoro, nimepimwa. Tatizo ni kwamba kwangu hakuna sauti inayokubali kukaa nyuma. Mtu anayezungumza nami, kijiko kinachogonga kikombe meza ya pili, friji, viatu ukumbini, vyote vinaingia kwa uzito uleule na kila kimoja kinataka kusikilizwa. Ikifika mchana maneno yananipotea, naanza kujibu kwa kutikisa kichwa, na wanaonitazama hudhani nimenuna. Anayeona haya ni madeko ajue kuwa DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliotoka 2013, umeuweka wepesi wa hisi kupita kiasi miongoni mwa vigezo vya usonji.

Sasa kifaa chenyewe. Ndani yake mna maikrofoni ndogo zinazonasa kelele ya nje, kisha spika inatoa wimbi lililo kinyume cha lile lililonaswa, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Mpango huu unaweza sauti nzito, ya mfululizo, isiyobadilika-badilika. Sauti kali au ya ghafla inakuwa imeshafika sikioni kabla kifaa hakijajipanga. Hapo kinga yako ni mito inayofunika masikio tu. Ndiyo maana kilio cha mtoto, mlango unaobamizwa na sahani zinazogongana vinapita. Tena vinapita vikiwa uchi, maana mvumo uliokuwa ukivifunika umeshaondolewa! Kalamu ya mwenzangu anayeibofyabofya sikuwahi kuisikia vizuri namna hii. Ninachofanya ni kucheza sauti ya mvua kwa chini sana, nikavifunika tena vilivyobaki uchi, kwa kipimo changu mwenyewe.

Kwa kelele za ghafla, naona kinga za masikio wanazovaa mafundi wa ujenzi zinazishinda hedifoni hizi kwa mbali. Hazina betri, hazina bluetooth, na zile nzuri huipunguza kelele kwa kiasi kinachofika desibeli 30 hivi. Sura yake tu ndiyo inayovuta macho ya watu. Vizibo vya sponji navyo vinafaa kulalia, lakini mchana sivitaki: ukiongea sauti yako inavuma ndani ya fuvu, na ukitafuna ndiyo usiseme.

Mwenye ngozi nyepesi kuhisi mguso kama yangu azijaribu hedifoni hizi kwanza kabla ya kulipa. Zinabana utosini, masikio yanatoka jasho, na mikono ya miwani inaacha upenyo ambamo kelele inapenya. Kuna pia ile hali ya masikio kama kuziba, kama uko kwenye ndege inayopanda. Wengine huizoea, wengine inawatia kichefuchefu. Yangu ina ngazi tatu za kuzima kelele, nami hukaa ya katikati kwa sababu hiyo.

Faida ambayo sikuitegemea ni kwamba watu hunisemesha kidogo zaidi. Hasara yake ni kwamba wakinihitaji hunigusa bega kwa nyuma, na mimi mguso wa ghafla ni heri hiyo kelele. Nimewaomba wapunge mkono mbele yangu, wengine wanakumbuka.

Sizivai kutwa, na barabarani sizivai kabisa. Wataalamu wa usikivu huonya kwamba kuyaziba masikio hata mahali palipotulia kunaweza kuufanya ubongo uongeze makali ya kusikia, ukizivua kila kitu kikakuumiza zaidi. Nyumbani zinakaa mezani.

Kama kinachokumaliza ni mvumo wa ofisi au safari, nunua. Kama ni watoto, vyombo na milango, tafuta kinga za mafundi. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama sauti za kifaa chenyewe huzimika. Yangu, chaji ikikaribia kuisha, inapiga mlio mkali masikioni, kisha mwanamke anatangaza kwa sauti ya juu kuwa betri iko chini, na kwenye programu yake ya simu hakuna pa kumnyamazisha.